Sayuni Tunayoiimba: Wanafunzi Watatu wa Kiyahudi na Afrika Mashariki

Swali lilitoka kwa mtoto wa kipaimara. Usharika wetu uko jirani na ufukwe wa Kivukoni, mahali ambapo honi za vyombo vya bandarini huingia madirishani katikati ya ibada. Siku hiyo kwaya ilikuwa inafanya mazoezi upande wa pili, na neno Sayuni lilisikika tena na tena. Binti akanyoosha mkono: "Mwalimu, Sayuni tunayoiimba ndiyo hiyo ya kwenye taarifa ya habari?"

Ilikuwa baada ya Oktoba 2023. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo walikuwa miongoni mwa waliouawa katika shambulio la tarehe 7 mwezi huo, na baada ya hapo vita vya Gaza vilikuwa kwenye kila redio. Sisi wazee na walimu tuliokuwepo tuliangaliana. Mmoja wetu akasema Sayuni ni mbinguni. Mwingine akasema ni Yerusalemu. Wa tatu akasema hiyo ni siasa, tuendelee na somo. Binti akakaa chini, na wote tulijua hajajibiwa.

Tangu siku hiyo tumelitafutia jibu swali lake, na tumelitafuta katika historia, maana mabishano tunayo ya kutosha. Tulijiuliza: kijana wa Kiyahudi, aliyelelewa katika sala za wazazi wake, analisikiaje neno hili? Hatukutegemea kwamba habari hiyo ingepita Afrika Mashariki. Imepita, tena zaidi ya mara moja.

Kwanza tueleze Usayuni ni nini. Kwa karne nyingi Wayahudi waliotawanyika duniani waliomba wakielekea Yerusalemu, na katika karamu ya Pasaka walitakiana kukutana huko mwaka unaofuata. Hiyo ilikuwa sala. Mwaka 1897, katika mji wa Basel nchini Uswisi, mwandishi wa habari Theodor Herzl aliitisha mkutano uliotaka sala hiyo igeuke kuwa mpango: Wayahudi wapate nchi yao wenyewe. Si wote walioafiki. Wako marabi waliopinga, wakisema kurudi kwa watu wa Mungu kunamngoja Masihi, na mwanadamu asimtangulie. Basi tangu mwanzo imani na Usayuni vilikuwa ndugu wawili ambao hawakupatana siku zote.

Mwezi Aprili 1903 Wayahudi wa mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi, walishambuliwa na majirani zao. Watu 49 waliuawa. Herzl alihitaji kimbilio, na alilihitaji haraka. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa ametoka kutembelea huku kwetu na kupanda reli mpya ya kutoka Mombasa. Serikali yake ikatoa pendekezo: Wayahudi wapewe sehemu ya nyanda za juu za Uasin Gishu, eneo ambalo leo lina mji wa Eldoret nchini Kenya. Mpango huo uliitwa wa Uganda, kwa sababu mpaka mwaka 1902 sehemu hizo zilihesabiwa kuwa za Uganda. Wanandi na Wamasai, wenye kuishi na kuchunga huko, hawakuulizwa na mtu.

Mkutano wa Wasayuni uliokaa Basel Agosti 1903 ulipiga kura. Wajumbe 295 walikubali watumwe watu wa kuikagua nchi hiyo, na 178 walikataa. Kinachotushangaza ni nani waliokataa. Wajumbe wengi wa Urusi, ambako damu ilikuwa imemwagika, ndio waliotoka ukumbini. Wapo walioketi sakafuni wakalia, kama Wayahudi wanavyolia siku ya kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu. Mtu ambaye nyumba yake inaungua anapewa chumba, naye analia kwa sababu chumba hicho si nyumbani kwa baba yake. Anayesoma Zaburi ya 137 atawaelewa. Haikuwa kwamba Afrika ni mbaya. Kwao Sayuni lilikuwa jina la ahadi, na ahadi haibadilishwi kwa kiwanja kingine.

Hapa ndipo anapoingia mwanafunzi wa kwanza. Max Nordau, mwenzake Herzl, alikuwa ameutetea mpango ule mkutanoni, akisema Afrika Mashariki ingekuwa makao ya kulala usiku tu, si ya kudumu. Desemba 1903 Nordau alikuwa katika sherehe ya Hanuka mjini Paris. Kijana mmoja Myahudi kutoka Urusi, mwanafunzi aliyeitwa Chaim Selig Luban, akamfyatulia risasi huku akimtakia mauti na kumwita Mwafrika wa Mashariki. Nordau alinusurika. Mwaka 1905 mpango wenyewe ukakataliwa kabisa.

Tumekaa na habari hii kwa muda mrefu. Jina letu, Afrika Mashariki, lilitumika kama tusi katika kinywa cha kijana aliyeipenda Sayuni kupita kiasi. Lakini hatuwezi kumhukumu kwa wepesi, kwa maana tunajua jinsi kitu kitakatifu kinavyoweza kumlevya mtu. Upendo wa mahali pa Mungu uligeuka silaha dhidi ya ndugu. Tuliandika hilo katika daftari letu, tukaendelea.

Mwanafunzi wa pili alikuja huku mwenyewe. Ili tumwelewe, turudi kwanza mwaka 1919, chini ya Mlima Elgon, karibu na Mbale nchini Uganda. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mkristo aliyebatizwa na Waprotestanti, aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki kisha akakosana nao. Alisoma Biblia kwa bidii, na kila alipofika kwenye Torati hakuona ruhusa ya kuiacha. Mwaka huo akatahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walimwonya kwamba kutahiriwa ni mambo ya Wayahudi. Akawaambia kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Watu waliomfuata wakaitwa Abayudaya. Hawakuwa na babu aliyetoka Yerusalemu, wala hakuna aliyewaahidi ardhi. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini sala zikabaki.

Baada ya uhuru, Waisraeli wengi walifika katika nchi zetu kama wataalamu. Hapa kwetu walisaidia kuanzishwa kwa Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 hapa hapa Kivukoni, ilijengwa kwa mkono wao. Uhusiano huo ulivunjika mwaka 1973 kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, ukarejeshwa mwaka 1995. Katika miaka ile ya mwanzo, Mwisraeli kijana, Arye Oded, alikuwa akisoma Makerere. Mwaka 1962 alikwenda kuwatembelea Abayudaya, akakutana na kiongozi wao, Samson Mugombe. Kwao alikuwa Mwisraeli wa kwanza kumwona kwa macho.

Tunajaribu kuiona siku hiyo. Kijana ametoka katika nchi ambayo wazee wake waliiombea. Amekuja kusoma habari za Uganda. Anawakuta watu chini ya migomba wanaotunza Sabato, wanaoomba wakielekea mji aliotoka yeye, na ambao hawajawahi kuuona. Oded alizungumza na Mugombe mara nyingi, akawaeleza jinsi Wayahudi wa Israeli wanavyoishika dini yao, kisha akaandika habari zao hata Wayahudi wa mbali wakawajua. Baadaye alikuwa balozi wa nchi yake nchini Kenya. Yeye Sayuni aliifahamu kama nyumbani na kama pasipoti. Pale Mbale alikuta Sayuni ikiwa sala peke yake, nayo ilikuwa hai.

Kisha akaja Idi Amin. Katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakaharibiwa. Watu waliokadiriwa kuwa kama 3,000 walipungua, wengine wakageukia Uislamu au Ukristo, na mwishoni walibaki takribani 300. Hao waliomba kwa siri.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa majeshi yetu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nao. Wapo katika sharika zetu wazee waliokuwa vitani, na mara nyingi tumesikia habari za Kagera kutoka kwao. Jambo ambalo sisi hatukulijua ni kwamba jioni ya siku hiyo Pasaka ya Wayahudi ilianza. Ijumaa Kuu yetu ilifuata siku mbili baadaye. Watu waliokuwa wakinong'ona habari za kutoka Misri waliingia Pasaka siku ambayo Farao wao alikimbia, na vijana wa Tanzania, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa sehemu ya ukombozi ambao wenyewe hawakuufahamu.

Lakini sisi Walutheri haifai tujisifu haraka. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe na vitabu vyao vya sala wanyang'anywe. Mwalimu wetu wa imani aliwahi kushauri kwa kalamu jambo ambalo Amin alikuja kulitenda kwa amri. Mwaka 1984 Mkutano Mkuu wa Walutheri duniani, uliokaa Budapest, ulipokea tamko la kuyakataa maneno hayo. Rais wa Fungamano letu la dunia wakati huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa katika mkutano uliofanyika hapa Dar es Salaam mwaka 1977. Mtoto wa Kagera, mkoa uliovamiwa na Amin, ndiye aliyekuwa kitini kanisa lilipotubu. Hilo tungependa watoto wetu walijue.

Baada ya Amin vijana wa Abayudaya walipiga kambi katika kilima cha Nabugoye. Wakaishi na kufanya kazi pamoja kwa mfano wa vijiji vya ujamaa vya Israeli, wakilinda uwanja wa sinagogi lao. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda kusoma Marekani na kuwekewa mikono kuwa rabi mwaka 2008. Jumuiya nyingine ndogo za Wayahudi zimechipuka Kenya pia.

Ndiko alikotoka mwanafunzi wa tatu, ambaye jina lake tunaliacha. Desemba 2017 kijana Myahudi kutoka nyanda za juu za Kenya alifika uwanja wa ndege wa Ben Gurion. Alikuwa na viza na alikuwa anakwenda kusoma Torati katika chuo cha dini Yerusalemu. Alizuiliwa usiku kucha, kisha akarudishwa Afrika. Miaka 114 nyuma, Wayahudi wa Ulaya walipewa nyanda za Kenya wakazikataa kwa ajili ya Yerusalemu. Sasa Myahudi wa nyanda za Kenya aliitaka Yerusalemu, naye akakataliwa mlangoni. Hakuomba shamba wala uraia. Aliomba dawati.

Je, Sayuni yake ilikufa usiku ule? Tunaamini haikufa, kwa sababu haikuanzia kwenye viza. Nchi inaweza kumfungia mtu mpaka wake, lakini haiwezi kumfungia upande anaoelekea anapoomba.

Sasa turudi kwa binti wa kipaimara. Tulimwita tena, tukamwambia hivi. Kijana wa Kiyahudi anaposema Sayuni, usimcheke na usimsahihishe. Anataja sala ya bibi yake, machozi ya Kishinev, na nyumba ambayo watu wake waliililia wakiwa sakafuni. Sisi tulilipokea neno hilo kutoka kwao. Paulo anatuambia katika Warumi 11 kwamba sisi ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, na tawi halijivuni mbele ya shina.

Tena tukamwambia kwamba nchi ile haikuwa tupu, kama vile Uasin Gishu haikuwa tupu. Wapalestina walikuwepo, na mwaka 1948 Israeli ilipozaliwa mamia ya maelfu yao walipoteza makwao. Wengine ni Wakristo, na wengine ni Walutheri kama sisi. Askofu Munib Younan, Mpalestina wa Yerusalemu, alikuwa Rais wa Fungamano lile lile lililoongozwa na Kibira, kuanzia 2010 hadi 2017. Anayeimba Sayuni hapa Kivukoni anawaimbia ndugu wa pande zote mbili, na wote wanamsikia. Tukiutumia wimbo kumnyamazisha mmoja wao, tumeifyatua tena bastola ya Luban.

Binti alisikiliza, kisha akauliza swali jingine: "Kwa hiyo tuendelee kuimba?"

Tuendelee, mwanangu. Ila tukiimba tuwaombee wanaolia kwa ajili ya mji ule, walio ndani ya malango yake na waliozuiliwa nje. Ee Mungu wa Ibrahimu, uwakumbuke wote. Amina.