Nakata, Aliyeuacha Mpira Mapema

Tarehe 22 Juni 2006, katika mji wa Dortmund huko Ujerumani, timu ya Japani ilifungwa na Brazil mabao 4 kwa 1, ikatoka katika Kombe la Dunia. Wachezaji walipokwenda zao, mmoja alijilaza chali katikati ya uwanja, akakaa hapo kitambo kirefu. Watazamaji walidhani ni uchungu wa kushindwa tu. Siku kumi na moja baadaye Hidetoshi Nakata akatangaza kwamba ameacha kucheza. Umri wake ulikuwa miaka 29.

Ili ufahamu, msomaji, kwa nini habari hiyo iliwashtua Wajapani, yakupasa kujua kwamba kabla ya mwaka 1998 nchi yao haikupata kucheza katika Kombe la Dunia hata mara moja. Mlango ulifunguliwa Johor Bahru, Malaysia, tarehe 16 Novemba 1997, walipowashinda Wairani mabao 3 kwa 2. Mabao yote matatu yalianzia miguuni mwa Nakata, naye alikuwa kijana wa miaka 20. Mwaka uliofuata alikwenda Italia kuichezea Perugia. Katika mchezo wake wa kwanza wa ligi aliwafunga Juventus, timu kubwa mno, mabao 2. Walakini Perugia ilishindwa 4 kwa 3. Basi Wajapani wakawa wanapanda ndege kwenda kumtazama katika mji ule wa mlimani. Mwaka 2001 alitwaa ubingwa wa Italia pamoja na Roma.

Ajabu ni kwamba mtu huyu hakupenda kuandikwa magazetini. Aliwakwepa waandishi, akawa na tovuti yake mwenyewe ya kuwaandikia wapenzi wake, na hata kustaafu kwake alikutangaza humo. Nadhani ukimya huo ulimwongezea sifa kuliko maneno. Kwani kadiri alivyojificha, ndivyo alivyotafutwa.

Wako waliomlaumu kwa kuondoka angali na nguvu, na lawama hiyo si ya bure, maana taifa lilikuwa bado linamhitaji. Mtazame Kazuyoshi Miura, aliyemzidi Nakata umri kwa karibu miaka kumi: mwaka 2024 alikuwa bado anacheza, naye ana miaka 57! Wajapani humpenda Miura kwa kutokubali kuondoka. Nakata naye hawakumsahau, ingawa aliondoka mapema.

Alipoacha mpira alisafiri nchi nyingi. Kisha, tangu mwaka 2009, akaanza kuizunguka Japani yenyewe, mkoa kwa mkoa, mikoa yote 47, akiwatembelea wakulima, wafinyanzi na watengenezaji wa sake, yaani pombe ya mchele. Mtu aliyejulikana Ulaya nzima aliketi karakanani kama mwanafunzi, akiuliza jinsi mchele unavyokobolewa na maji yanavyochaguliwa. Baadaye akawa mfanyabiashara wa sake, akaitangaza katika nchi za ng'ambo.