Filamu Nyeusi: Mtindo Uliozaliwa Kabla ya Jina Lake

Katika majira ya joto ya mwaka 1946, majumba ya sinema ya Paris yalionyesha kwa mfululizo filamu za Marekani ambazo Wafaransa hawakuweza kuziona wakati wa vita. Mhakiki Nino Frank alitambua undugu baina ya baadhi yake, akaziita «film noir», yaani filamu nyeusi. Huko Hollywood kwenyewe, waliozitengeneza hawakuwa na jina hilo.

Miongoni mwazo ilikuwamo Double Indemnity (1944) ya Billy Wilder, ambamo kaida kuu za mtindo huu zimekutana. Ya kwanza ni nuru. Mpiga picha John F. Seitz aliviacha vyumba gizani, mwanga ukipenya katika mapazia ya vibao na kuwachora wahusika mistari mithili ya nondo za gereza. Mbinu hiyo inafuata nyayo za sinema ya Ujerumani ya miaka ya 1920. Naye Wilder aliihama Berlin mwaka 1933.

Ya pili ni mwanamke mrembo anayemvuta mwanamume kwenye maangamizi. Phyllis anashirikiana na Walter Neff, wakala wa bima, kumwua mumewe ili wapate fidia.

Ya tatu, nayo ndiyo nzito zaidi, ni mpangilio wa masimulizi. Filamu yaanzia karibu na mwisho: Neff, mwenye jeraha la risasi, anaingia ofisini usiku na kuungama mbele ya mashine ya kunasia sauti. Hivyo mtazamaji haulizi ni nani aliyeua, bali mtu wa kawaida alipotea vipi.

Mpangilio huo haukuwa pambo tu. Tangu mwaka 1934, kanuni za maadili za Hollywood zilitekelezwa kwa ukali, nazo zilikataza uhalifu kuonyeshwa kwa namna ya kuvutia huruma. Ungamo la mwanzoni lilitangaza anguko kabla ya dhambi. Baada ya hapo Wilder na mwandishi mwenzake, Raymond Chandler, waliweza kumwingiza mtazamaji moyoni mwa muuaji. Wilder alipiga hata picha za Neff akiuawa katika chumba cha gesi, kisha akaziondoa: mazungumzo ya mwisho ya Neff na rafiki yake Keyes yalitosha.

Basi, kaida hizo zilikomaa kati ya matakwa ya msanii na mkono wa mdhibiti. Anayevitazama vivuli pasipo kuuliza juu ya kanuni hizo atauona mtindo, lakini historia yake itampita.