Kikaguzi cha Faili za Mfumo na Stoo Yake

Kwa mafundi wengi wa kompyuta wa Kariakoo, dawa ya karibu kila ugonjwa ni moja: kupiga Windows. Mashine ikigoma kuwaka vizuri, skrini ikigeuka buluu, au menyu ikiacha kufunguka, fundi anachomeka fleshi na kuanza upya. Jioni mteja anaondoka na kompyuta inayokwenda. Mara nyingi anaondoka bila programu yake ya mauzo, na kama diski ilifomatiwa bila yeye kuulizwa, hesabu za duka za mwaka mzima zimekwenda. Hasara hiyo inaniuma, kwa sababu Windows imebeba kifaa cha kujaribu kabla ya kufika huko.

Kifaa hicho kinaitwa kwa amri fupi: sfc /scannow. Kilianza na Windows 98, kikahamia kwenye dirisha la amri kwenye Windows 2000, na tangu Vista kinafanya kazi pamoja na ulinzi unaozuia programu za kawaida kugusa faili za mfumo. Kwa Kiswahili nakiita kikaguzi cha faili za mfumo. Kukagua kumetupa mkaguzi na ukaguzi, na kiambishi ki- kinampa mkaguzi umbo la chombo. Kitengenezaji lingekuwa jina la kuvutia wateja, lakini lingewadanganya. Kifaa hiki hakiungi faili iliyovunjika. Kinaiondoa na kuweka nzima mahali pake, na kwa hilo mafundi wana kitenzi chao tayari: kurudishia. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitoe Jambo OpenOffice mwaka 2004, tumezoea kuona menyu za kompyuta kwa Kiswahili. Maneno ya matengenezo ndiyo yaliyobaki nyuma, na mteja asiyekuwa na neno hawezi kuuliza swali.

Nzima inatoka wapi? Hapa Kariakoo inatoa jibu lenyewe. Duka la Mtaa wa Aggrey au Msimbazi lina bidhaa chache mbele, na kijana wa kutumwa stoo. Windows nayo ina stoo yake, folda ya WinSxS ndani ya C:\Windows, inayohifadhi vipande vya mfumo. Kikaguzi kinapita faili moja moja, kinalinganisha alama yake ya kihesabu na ile inayotakiwa, na isipolingana kinatuma stoo. Nyaraka zako hakizigusi, virusi hakifukuzi, wala draiva ya printa hakiitafuti. Kwa mfano huo wa duka, WinSxS naiita stoo ya vipande, ingawa ghala ya vijenzi ingependeza zaidi kwenye kamusi.

Dirisha la amri lifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, la sivyo amri inakataliwa. Jibu linatoka kwa Kiingereza kwenye mashine nyingi za hapa mjini, na wengi hawalisomi. Likisema hakuna kasoro, acha faili za mfumo, katafute kwenye programu au vifaa. Likisema zilizoharibika zimerudishiwa, washa upya mashine, kisha kagua tena. Likisema kuna matengenezo yanayosubiri, kompyuta inataka kuwashwa upya kabla ya lolote. Jibu linalowachanganya mafundi ni lile la nne: zilizoharibika zimeonekana, lakini baadhi zimeshindikana.

Hapo wengi wanarudia amri ileile, wanapata jibu lilelile, kisha wanapiga Windows. Mara nyingi kosa liko stoo. Umeme ukikatika Windows ikiwa katikati ya kupokea masasisho, vipande vya stoo vyenyewe vinaweza kuharibika, na kikaguzi hakina cha kurudishia. Kuanzia Windows 8 kuna amri ya kuitengeneza stoo kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Kwa kawaida inachota vipande vizima kutoka Microsoft kwa intaneti. Bando likiwa dogo, inaweza kuelekezwa kwenye faili ya install.wim iliyo kwenye fleshi ileile ya kupigia Windows, kwa kuongeza /Source na njia ya faili. Toleo la kwenye fleshi lazima lioane na lililo kwenye mashine, na hapa ndipo fleshi moja inayotumika kwa kompyuta za kila aina inapokwama. DISM ikimaliza salama, ndipo sfc /scannow irudiwe. Majina ya faili zilizokataa yamo kwenye C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log, mistari ya kikaguzi ina alama [SR], hivyo huna haja ya kusoma yote.

Mashine isiyowaka kabisa nayo inakaguliwa. Washa kwa fleshi, ingia sehemu ya urekebishaji, fungua dirisha la amri, kisha ukitajie kikaguzi Windows iko wapi:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Herufi ya diski ithibitishwe kwanza kwa amri ya dir, kwa sababu iliyokuwa C inaweza kuonekana kama D au E.

Kompyuta za mtumba zinastahili tahadhari zaidi, kwani diski zake zimeshafanya kazi miaka mingi kabla ya kufika hapa. Faili zikirudishiwa leo na zikaharibika tena baada ya siku chache, huenda diski yenyewe inakufa. Ikianza kugonga au kusoma kwa kusuasua, usianze na kikaguzi wala chkdsk, amri ya kukagua diski, maana vyote vinaichosha kwa kuisoma mfululizo. Nakili kwanza hesabu za mteja kwenye diski nyingine, mwonyeshe zinafunguka, ndipo mzungumzie bei ya diski mpya.