Wingu na ukungu: Majina mawili, maana tele katika sayansi na teknolojia

MTU anaposema kwamba picha zake zimo katika wingu, hakusudii lile litandalo angani na kuleta mvua. Vivyo hivyo, mkulima anayeulizia dawa ya ukungu dukani hana haja na ule unaofunika mabonde alfajiri.

Maneno haya mawili ya kila siku yameazimwa na taaluma nyingi, na kila taaluma imeyapa maana yake. Kuzitenganisha maana hizo si suala la lugha pekee. Mara nyingine ni suala la usalama wa msafiri, mazao ya mkulima au siri za mwenye simu.

Angani na ardhini

Katika elimu ya hali ya anga, wingu na ukungu ni kitu kimoja kwa umbile. Vyote viwili ni mkusanyiko wa vitone vidogo mno vya maji, au chembe za barafu, vinavyoelea hewani. Hewa yenye unyevu inapopoa, mvuke uliomo hugeuka maji kwa kushikamana na chembe za vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Kipenyo cha kitone kimoja aghalabu ni kama sehemu moja au mbili za mia za milimita. Ni kosa, basi, kuliita wingu mvuke, kwa kuwa mvuke wa maji hauonekani kwa macho.

Tofauti ni mahali. Linaloelea juu huitwa wingu, na linalogusa ardhi huitwa ukungu. Aliye Naivasha akitazama Mlima Longonot huenda akaona kilele kimefunikwa na wingu, ilhali aliye kileleni humo amezingirwa na ukungu. Kwa kipimo cha kimataifa, ukungu ni hali inayomzuia mtu kuona umbali wa kilomita moja. Akiweza kuona zaidi ya hapo, huo huhesabiwa kuwa ukungu mwepesi.

Mwingereza Luke Howard, mtengenezaji wa dawa jijini London, ndiye aliyependekeza mwaka wa 1802 utaratibu wa kuyapa mawingu majina ya Kilatini. Aliyagawa kwa maumbo: ya nyuzinyuzi, ya mafungumafungu na yaliyotandazwa kama shuka. Utaratibu huo ndio msingi wa jinsi 10 kuu zinazotambuliwa leo na Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, si kila wingu lina mvua ya kujaza mtungi. Kati ya Juni na Agosti, wingu la tabaka hutanda chini juu ya Nairobi na nyanda za juu zilizo jirani, likaleta baridi na manyunyu tu. Lile lipandalo wima kama mnara, hata kufikia kimo cha kilomita 10 na zaidi, ndilo lenye radi na mvua ya mawe.

Mnamo Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa za mashirika ya KLM na Pan Am ziligongana katika njia ya kurukia kwenye kisiwa cha Tenerife, nchini Uhispania, na watu 583 wakafariki. Ndege ya KLM ilikuwa imeanza kuondoka bila idhini, na marubani hawakuweza kuonana mapema kwa sababu ya ukungu. Uwanja huo uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Uliowafunika marubani ulikuwa wingu la chini lililokuwa likipita juu ya uwanja.

Madereva wanaopita Limuru na Kinungi wakielekea Nakuru wanaijua hatari hiyo. Wengi huwasha taa kali wakidhani zitapenya. Kinyume chake, vitone hutawanya mwanga huo na kumrudishia dereva machoni. Taa za chini na mwendo wa polepole ndio usalama.

Maabarani na kwenye nyota

Mnamo Septemba 1894, mwanafizikia C.T.R. Wilson alikaa katika kituo cha uchunguzi kilichokuwa juu ya mlima Ben Nevis, Scotland. Alivutiwa na jinsi jua lilivyocheza na mawingu, akaamua kuyaunda mwenyewe maabarani. Katika chombo chake kilichojaa hewa yenye unyevu, aligundua kwamba chembe yenye umeme ikipita huacha mstari wa vitone nyuma yake. Mwaka wa 1911 alifaulu kuipiga picha mistari hiyo.

Chombo hicho, kinachojulikana kama chumba cha wingu, kilimpatia Wilson Tuzo ya Nobel mwaka wa 1927. Mwaka wa 1932, Mmarekani Carl Anderson alikitumia kugundua positroni, chembe inayofanana na elektroni ila ina chaji chanya. Wingu, ambalo kwa kawaida huficha, hapa lilitumika kufichua kisichoonekana.

Wanafizikia wana wingu lingine lisilo na tone la maji. Tangu mwaka wa 1926, kufuatia kazi za Erwin Schrödinger na Max Born, elektroni haichorwi tena kama sayari inayozunguka kiini cha atomu. Huelezwa kama wingu. Panapokolea wingu hilo, ndipo uwezekano wa kuikuta elektroni ni mkubwa zaidi.

Kwa wataalamu wa falaki, wingu ni gesi na vumbi baina ya nyota. Mfano ni wingu la Orion, lililo umbali wa takriban miaka 1,300 ya mwendo wa nuru, ambamo nyota mpya zinaendelea kuzaliwa. Lakini Mawingu ya Magellan, yaonekanayo upande wa kusini wa anga, si gesi na vumbi tu. Hayo ni makundi mawili makubwa ya nyota, yaani galaksi, na moja kati yake ndimo nyota iliyolipuka mwaka wa 1987 ikaonekana kwa macho bila darubini.

Shambani

Katika Kiswahili, neno ukungu hutaja pia kuvu: utando unaoota juu ya mkate uliochacha, ukuta wenye unyevu au jani la mmea. Ndiyo sababu viuakuvu huitwa dawa ya ukungu.

Maana hizi mbili hukutana shambani. Maradhi ya viazi na nyanya yaletwayo na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans hushamiri penye baridi na majani yaliyolowa kwa saa nyingi, hali ambayo ukungu wa asubuhi huidumisha. Kimelea hicho ndicho kilichoteketeza viazi nchini Ireland kuanzia mwaka wa 1845 na kusababisha njaa iliyoua takriban watu milioni moja. Wanasayansi wamekitenga na kuvu wa kweli, kwa hivyo si kila dawa ya ukungu hukiangamiza. Mkulima anapaswa kutaja ugonjwa wenyewe anaponunua dawa.

Ndani ya tarakilishi

Zamani wahandisi wa mawasiliano walipochora mitandao yao, sehemu ambayo hawakuhitaji kuieleza waliichora kwa umbo la wingu. Kilichomo ndani hakikuwahusu. Mchoro huo ndio uliozaa jina la huduma za wingu, zilizoenea baada ya kampuni ya Amazon kuanza kukodisha hifadhi na nguvu za tarakilishi kupitia intaneti mwaka wa 2006.

Wingu hili haliko angani kamwe. Ni majengo yenye maelfu ya seva, umeme mwingi na mitambo ya kupoza joto. Data huyafikia kwa nyaya, nyingi zikiwa zimelazwa chini ya bahari. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na mataifa mengine ya eneo hili.

Umbali nao una gharama yake. Mwanga hupita katika uzi wa kioo kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Swali likitumwa kwa seva iliyo kilomita 10,000, jibu haliwezi kurudi kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa muda huo, gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa limeshasonga karibu mita tatu.

Hiyo ndiyo sababu watafiti wa kampuni ya Cisco walipendekeza mwaka wa 2012 kile walichokiita ukungu: hesabu zifanywe na vifaa vilivyo karibu na mtumiaji, na wingu la mbali lipelekewe yale tu yasiyo ya dharura. Jina hilo lilichaguliwa kwa makini. Kama ilivyo katika hali ya anga, ukungu ni wingu lililoshuka hadi ardhini.

Tatizo la neno wingu ni kwamba linafanya kilicho na mwenyewe kionekane hakina mwenyewe. Picha, rekodi za hospitali na hesabu za biashara zilizo katika wingu zimo ndani ya mashine za kampuni fulani, katika nchi yenye sheria zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inaweka masharti ya kuhamisha data ya mtu hadi nje ya nchi. Anayekabidhi siri zake kwa wingu ana haki ya kuuliza liko wapi, ni la nani, na nakala nyingine imehifadhiwa wapi endapo waya utakatika.