Kiwanda cha mbolea: ahadi ya miaka 50 🧵

1/ Msimu wa siasa ukifika hapa Nakuru, iwe ni Molo, Njoro au Subukia, utasikia ahadi mbili za mbolea. Upande mmoja: "Tutashusha bei." Upande mwingine: "Tutajenga kiwanda chetu, tuache kuagiza nje." Zote hupigiwa makofi. Uzi huu ni wa ile ya pili. Sitataja mwanasiasa wala chama, kwa sababu ahadi hii imepita kwa kila mkono. Tuangalie historia yake, halafu tuone maswali ya kuuliza.

2/ Kwanza, ndani ya mfuko kuna nini? Mkulima wa mahindi hupanda na DAP, halafu mmea ukishainuka anaweka CAN. DAP ina naitrojeni na fosforasi. CAN ni ya naitrojeni. Naitrojeni hutengenezwa kupitia amonia, na amonia ya dunia nzima nyingi hutoka kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Fosforasi hutoka kwenye mawe yanayochimbwa. Kenya hatuchimbi gesi, na hatuna mgodi mkubwa wa fosfeti. Ndio maana karibu mbolea yote ya viwandani tunayotumia hushukia bandari ya Mombasa.

3/ Sasa turudi miaka ya 1970. Mafuta yalipopanda bei baada ya 1973, mbolea nayo ikapanda duniani kote. Serikali ya Kenya ikaingia ubia na kampuni ya Marekani, N-Ren, wakaunda Ken-Ren Chemicals and Fertilizers. Kiwanda kingejengwa Mombasa. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga: nchi ya wakulima isitegemee meli za watu. Shida ilikuwa kwenye karatasi. Mikopo ilichukuliwa Ulaya, na serikali ya Kenya ikaweka sahihi kama mdhamini.

4/ Mdhamini ni nani? Ni yule anayelipa mwenye deni akishindwa. Kufikia 1978 mradi ulikuwa umeanguka. Kiwanda hakikujengwa. Hakuna mfuko hata mmoja uliofika kwa mkulima. Lakini deni halikuanguka na kampuni. Lilihamia Hazina, maanake kwa mlipa ushuru, na Kenya iliendelea kulilipa hadi miaka ya 2000. Mtu aliyezaliwa mwaka ule mradi ulipokufa alikua, akaajiriwa, na kodi yake ikaenda kulipia kiwanda ambacho hakipo.

5/ Na kesi hazikuisha. Ken-Ren, ikiwa tayari imefilisika, iliwadai wakandarasi wake mbele ya wasuluhishi: Coppée-Lavalin ya Ubelgiji na Voest-Alpine ya Austria. Suala moja lilifika hadi House of Lords, London, mwaka 1994. Majaji wengi walikubali kwamba Ken-Ren iweke kwanza dhamana ya gharama za kesi, kwa sababu ikishindwa haina kitu cha kulipa. Miaka 16 baada ya mradi kuanguka, bado ilikuwa inatafutiwa mtu wa kuilipia.

6/ Kuna atakayesema, "Hiyo ni Kenya na ufisadi wake." Ngoja kidogo. Tanzania walijenga kweli. Kiwanda cha Tanga kilifunguliwa 1972 na kikatoa mbolea. Lakini malighafi zake nyingi zilitoka nje, kwa hiyo kila tani iliyotengenezwa nyumbani ilihitaji dola kwanza. Dola zilipoadimika, kiwanda kikadhoofika, na 1991 kikafungwa. Kwa hiyo Ken-Ren ilikufa kabla ya ukuta kuinuka, na Tanga ikafa kuta zikiwa zimesimama. Kuhamisha mashine hakuhamishi utegemezi.

7/ Kilichobaki hai Tanzania ni Minjingu, mkoani Manyara. Huko kuna mawe ya fosfeti, yalianza kuchimbwa miaka ya 1980 ili kulisha Tanga. Tanga ilikufa, Minjingu ikaendelea, na mbolea yake huvuka mpaka na kuuzwa Kenya. Tofauti ni ndogo lakini ni kubwa: kimoja kilianza na jengo, kingine kilianza na mawe yaliyo chini ya miguu yao.

8/ Huku kwetu nini kilifanyika bila kiwanda? Kwa miaka mingi mbolea ilipitia kwa KFA, chama cha wakulima chenye makao makuu hapa Nakuru, na serikali ndiyo ilipanga bei. Udhibiti wa bei uliondolewa 1990, na vizuizi vya kuagiza vikafuata miaka michache baadaye. Matumizi yakapanda kutoka kama tani 250,000 kwa mwaka miaka ya 1990 hadi zaidi ya 450,000 mwaka 2007. Watafiti wa Tegemeo, taasisi ya Chuo Kikuu cha Egerton, waliona pia duka la mbolea likisogea: kutoka wastani wa kilomita 8 hivi mwaka 1997 hadi kama 3 na nusu mwaka 2007.

9/ Lakini soko huria halina huruma. 2008 bei ilipanda zaidi ya mara mbili, na mashamba mengi ya Bonde la Ufa yalikuwa yametoka kwenye machafuko. Serikali ikaanza kuagiza mbolea na kuiuza kwa bei nafuu kupitia maghala ya NCPB. 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Ruzuku ikaushusha hadi 3,500, halafu 2,500 mwaka 2023. Kwa mkulima wa ekari mbili, hiyo ni tofauti ya karo ya shule. Tusiidharau.

10/ Ila ruzuku ina bei yake pia. Mwenye agroveti akijua mfuko wa 2,500 uko njiani, hawezi kuthubutu kujaza duka na wa 6,000. Ule wa serikali ukichelewa na mvua ya Aprili isisubiri, mkulima hapati wowote. Na 2024 tuliona ubaya mwingine: waandishi wa uchunguzi walifichua kwamba kwenye mpango wa ruzuku kulipenyezwa mifuko ambayo haikufikia viwango, na serikali ikaahidi kuwafidia walioinunua. Mifuko hiyo ilipakiwa hapa hapa nchini. Kumbe neno "ya nyumbani" peke yake halimlindi mkulima.

11/ Hapo ndipo mjadala huchanganyikiwa, kwa sababu neno "kiwanda" hubeba mambo matatu. Kuna kupakia: unaleta mbolea kwa meli, unaweka kwa mifuko. Kuna kuchanganya: unaleta viungo, unavipima kulingana na udongo. Na kuna kutengeneza amonia yenyewe. Nakuru tayari tuna viwanda vya kuchanganya, kama MEA. Vina faida ya kweli, maana udongo wetu mwingi umekuwa na asidi kwa sababu ya DAP mwaka nenda mwaka rudi, na mchanganyiko unaofaa pamoja na chokaa ya Koru unasaidia. Lakini viungo bado hulipiwa kwa dola. Shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola mwanzo wa 2024, hakuna mashine ya kuchanganya ingeweza kuizuia.

12/ Sasa ahadi imerudi na sura mpya: amonia ya mvuke. Olkaria, pale Naivasha, imekuwa ikitoa umeme tangu 1981, na umeme unaweza kutengeneza amonia kwa maji na hewa, bila gesi. Kwa mara ya kwanza malighafi iko chini ya miguu yetu. Fortescue ya Australia ilitangaza kiwanda cha megawati 300 kiwe tayari 2025. 2025 imepita na hakijasimama. Kaishan ya China nayo ikaja na mpango wake. Kinachofanya kazi ni kidogo: mtambo wa sola katika shamba la Morendat, Naivasha, ulioanza 2023, wa kama tani moja ya amonia kwa siku.

13/ Piga hesabu nami. Tani moja ya amonia kwa njia hii hula kama megawati-saa 10. Tani 100,000 kwa mwaka zinataka karibu megawati 115, usiku na mchana. Naitrojeni hiyo inatosha CAN zaidi ya tani 300,000, si mchezo. Lakini stima hiyo itauzwa bei gani? Ikiwa juu, mbolea itakuwa ghali kuliko ya meli. Ikiwa chini, kuna mtu mwingine atafidia, na huenda ni wewe unayenunua tokeni. Na fosforasi ya DAP haitoki kwa mvuke. Hiyo tutaenda Minjingu au baharini.

14/ Mimi siko dhidi ya kiwanda. Tukiwa na mvuke na tusijaribu, wajukuu watatucheka. Lakini mtu akisimama jukwaani na kusema "kiwanda", muulize maswali manne: Ni cha kupakia, kuchanganya au kutengeneza? Malighafi inatoka wapi na inalipiwa kwa pesa gani? Stima ni shilingi ngapi? Na mradi ukianguka, sahihi ya mdhamini ni ya nani? Swali la nne liliulizwa Kenya tukiwa tumechelewa, na jibu likachukua zaidi ya miaka 20 kulipwa.

15/ Uzi umeisha. Kama kwenu kuna mzee anayekumbuka bei za KFA za zamani, muulize, halafu uniandikie. Mkiniunga mkono, wiki ijayo tunaenda kwa pareto.