Gemu na mashine zinazokuja: Nini kitafika Ijumbi, na mwenye kibanda ajiandae vipi

Kampuni ya Rockstar Games imetangaza kuwa Grand Theft Auto VI, yaani GTA 6, itatoka Novemba 19, 2026. Kwa Kagera huo ni mwezi wa senene, na kwa vijana wa vibanda vya gemu ni tarehe iliyosubiriwa muda mrefu. Swali linalorudi kila mahali ni moja: je, itacheza kwenye PS4 tuliyonayo? Jibu ni hapana. Gemu hiyo imetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series X na S tu.

Sisi ni wapenzi wa gemu kama ninyi. Lakini katika makala haya tunamfikiria zaidi kijana wa Ijumbi, Nshamba au Kamachumu ambaye ameweka pembeni pesa ya kahawa na anataka kufungua kibanda, au tayari anacho na anajiuliza kama abadilishe mashine. Kwake tarehe ya kutoka kwa gemu ni jambo dogo. Kubwa ni kujua mashine yake itaendelea kupata gemu mpya hadi lini.

Mashine ya zamani huishi muda gani?

Historia inatusaidia hapa, na kipimo kizuri ni mpira, kwa sababu mpira ndio unaoendesha vibanda vyetu.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000. Gemu ya mwisho ya FIFA kwenye mashine hiyo ilikuwa FIFA 14, iliyotoka mwaka 2013. PlayStation 3 ilitoka mwaka 2006, na ya mwisho kwake ikawa FIFA 19, mwaka 2018. Maana yake ni kwamba PS2 ilipata mpira mpya kwa miaka 13 na PS3 kwa miaka 12, ingawa mashine zilizofuata zilikuwa zimeshaingia sokoni zamani.

PS4 ilitoka Novemba 2013. EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025, bado ilitengenezwa kwa PS4. Hiyo ni miaka 12. Kwa kipimo cha ndugu zake wakubwa, PS4 imeingia jioni yake. Haijafa, na haitazimika siku mashine mpya ikitoka, lakini anayeinunua leo kwa ajili ya biashara ajue ananunua mashine ambayo muda wake wa kupata mpira mpya umekaribia mwisho.

Hata hivyo, kuna jambo moja la kumtuliza. Matoleo ya mwisho ya FIFA kwenye PS2 na PS3 yalibadilisha zaidi vikosi na jezi, huku uchezaji ukibaki uleule. Vibanda viliendelea kujaa. Mteja wetu anataka kuona mchezaji aliyehama timu akiwa na jezi yake mpya, mengine atavumilia.

Kwa wanaochanganyikiwa na majina: FIFA ya mwisho kutoka kampuni ya EA ilikuwa FIFA 23. Mkataba wa jina ulipokwisha, gemu ileile ikaendelea kama EA Sports FC, kuanzia FC 24 mwaka 2023. Na PES ya Konami ilibadilishwa jina kuwa eFootball mwaka 2021. Hii hailipiwi kuipata, lakini inategemea sana intaneti.

Kwa nini GTA 6 haiwezi kuingia PS4?

Si ujanja wa kibiashara peke yake. PS4 hutumia diski ngumu inayozunguka, na ina kumbukumbu ya GB 8. PS5 hutumia hifadhi isiyozunguka, ambayo husoma data kwa kasi kubwa mno, na kumbukumbu yake ni GB 16. Gemu yenye mji mzima, magari na watu wengi inahitaji kusoma vitu vingi kwa wakati mmoja mchezaji anapokimbia barabarani. Mashine ikisoma polepole, mtaa unachelewa kuonekana.

GTA V ilitoka Septemba 2013 na vibanda vingi vinaiweka hadi leo. Toleo la sita lilioneshwa kwa mara ya kwanza Desemba 2023, likapangwa kutoka mwaka 2025, likasogezwa hadi Mei 2026, kisha Novemba. Anayekopa pesa kwa kutegemea tarehe ya gemu akumbuke hilo: tarehe husogea, lakini marejesho ya mkopo hayasogei.

Mzazi naye ana la kujua. GTA V imewekwa kwenye kundi la umri wa miaka 18 kwa vipimo vya Ulaya, kwa sababu ya mauaji, matusi na mambo ya kikubwa. Mwenye kibanda anayepokea watoto wa shule ya msingi anapaswa kuwa na saa zake, na gemu nyingine kwa ajili yao.

CD inapotea taratibu

Hili ndilo badiliko litakaloumiza zaidi maeneo kama yetu. Zamani ulinunua CD Bukoba au ukaagizia Mwanza, ukaingiza kwenye mashine, mkacheza. Sasa baadhi ya mashine hazina kabisa sehemu ya kuingizia CD. PS5 Digital Edition haina. Xbox Series S haina. PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inauzwa bila sehemu hiyo, na ukiinunua peke yake lazima uunganishe intaneti mara ya kwanza ndipo ikubali kufanya kazi. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 5, 2025, ina baadhi ya kadi za gemu ambazo ndani yake mna ufunguo tu. Gemu yenyewe unaipakua.

Tupige hesabu. Gemu kubwa za siku hizi huzidi GB 50, na nyingine hupita GB 100. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 100 huchukua karibu saa 44 bila kukatika hata dakika moja. Ongeza bei ya bando, na umeme ukikatika katikati.

Akaunti nayo ni kikwazo. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation. Mwaka 2024 jambo hili lilijulikana duniani kote, pale gemu ya Helldivers 2 ilipoondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 kwa sababu wachezaji walitakiwa kuwa na akaunti ambayo nchi zao hazihudumiwi. Wengi hapa nchini hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine. Inafanya kazi, lakini kadi za malipo huwa lazima ziwe za nchi hiyo, na akaunti ikipata tatizo hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mashine yenye CD inakuepusha na mengi ya haya: gemu ni mali yako, unaweza kuiuza au kubadilishana na kibanda cha jirani.

Hesabu ya kibanda

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Si bei ya soko. Tuseme mechi moja ni Sh 300 na kwa siku unapata mechi 30. Hiyo ni Sh 9,000. Ukitoa umeme, pango na ya kula, tuseme inabaki Sh 5,000. Mashine ya Sh 600,000 itarudisha pesa yake kwa siku 120. Mashine ya Sh 1,500,000 itahitaji siku 300. Na mteja wa Ijumbi hatalipa mechi mara mbili kwa sababu picha imekuwa nzuri zaidi.

Kuna jambo jingine. Mpira huchezwa na wawili, mechi ni fupi, na desturi ya "anayefungwa analipa" huwarudisha wateja kwenye benchi. GTA huchezwa na mmoja, kwa muda mrefu, huku kumi wakitazama bila kulipa. Ukiiweka, toza kwa dakika, na kila mteja awe na sevu yake ili asije kukuta mwenzake amemaliza misheni zake. GTA italeta watu kibandani, lakini anayelipa kodi ya chumba ni mpira.

Tahadhari: wachezaji wakianza kuwekeana pesa, kibanda kinahama kutoka mchezo kwenda kamari, na kamari ina sheria yake, leseni yake na katazo kwa walio chini ya miaka 18.

Wasio na mashine

Wengi wetu tunacheza kwenye simu: Dream League Soccer, eFootball, Free Fire, au gemu za zamani za PSP kupitia programu ya PPSSPP. Huko nako kuna jipya kila msimu, na mtaji wake ni bando.

Na tusidhani kwamba gemu zote zinatoka mbali na lugha yetu. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Ni hadithi ya kijana mganga anayemlilia baba yake, imejengwa juu ya mila za Kibantu, na unaweza kuchagua kuisikiliza kwa Kiswahili.

Kabla hujatoa pesa

Uliza yafuatayo:

1. Ina sehemu ya CD? Kama haina, na huna intaneti ya uhakika, iache.

2. Imechipiwa? PS4 zilizovunjwa ulinzi huuzwa zikiwa na gemu nyingi ndani, lakini ukiiunganisha mtandaoni au kuisasisha unaweza kupoteza vyote.

3. Pedi ziko hali gani? Jaribu kila kitufe, na uone kama mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa. Pedi ndizo hufa kwanza kibandani.

4. Umeme wako ukoje? PS5 hula takriban wati 200 ikiwa kazini. Nunua stabilaiza kwanza. Umeme ukikatika mashine ikiwa inaandika sevu, faili inaweza kuharibika.

5. Inacheza gemu ulizonazo? PS5 yenye sehemu ya CD hucheza karibu gemu zote za PS4, kwa hiyo CD zako hazitupwi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua ukiwa na uwezo.

PlayStation inayofuata nayo iko njiani. Oktoba 2025 Sony na kampuni ya AMD walieleza teknolojia wanayoiandaa, na mbunifu wao Mark Cerny akasema anatarajia kuiweka kwenye mashine miaka michache ijayo. Hilo lisikutie haraka. PS5 bado ina miaka mbele yake, na siku mashine hiyo mpya itakapozinduliwa, bei ya PS5 iliyotumika itakuwa ndiyo habari kubwa kwa vibanda vya Muleba.

Kwa mwenye PS4 inayojaza benchi, ushauri wetu ni huu: iache ifanye kazi, weka akiba kila wiki, na ununue PS5 yenye sehemu ya CD pale FC mpya itakapotangazwa bila PS4. Mwenye kuanza leo na pesa ya mashine moja tu, anunue ile ambayo wateja wake wataweza kuilipia.