Mgombea Mwenza: Historia ya Kiti cha Pili katika Muungano

Katika madarasa ya itikadi swali moja hurudi mara kwa mara: mgombea mwenza ni nani hasa? Wapo makada wanaojibu kwamba ni mtu wa kuleta kura za upande wa pili wa Muungano. Jibu hilo halitoshi, na historia yetu inaonyesha sababu.

Muungano ulipozaliwa tarehe 26 Aprili 1964, Rais alikuwa na Makamu wawili. Wa Kwanza alikuwa Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar. Wa Pili alikuwa Ndugu Rashidi Kawawa wa Bara. Kiongozi wa Zanzibar aliingia katika Serikali ya Muungano kwa haki ya cheo chake, si kwa hisani. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Ndugu Aboud Jumbe alishika nafasi zake zote mbili. Aliendelea kuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais hata baada ya TANU na ASP kuungana na kuunda CCM mwaka 1977, mpaka alipojiuzulu Januari 1984 katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa hapa Dodoma.

Mwaka 1985 Rais alitoka Zanzibar, Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Umakamu wa Kwanza ukaenda Bara kwa Waziri Mkuu, Ndugu Joseph Warioba, na Rais wa Zanzibar, Ndugu Idris Abdul Wakil, akawa wa Pili.

Mpango huo ulisimama juu ya nguzo moja, yaani chama kimoja. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, nguzo hiyo iliondoka. Je, ingekuwaje kama Zanzibar ingechagua Rais wa chama kingine? Makamu angekuwa mpinzani wa Rais wake. Mabadiliko ya 11 ya Katiba, mwaka 1994, yalileta mgombea mwenza: atoke upande wa pili wa Muungano, na achaguliwe pamoja na Rais kwa kura moja. Hofu ile haikuwa ya bure. Oktoba 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi Zanzibar kwa asilimia 50.2, dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF.

Lakini kila suluhisho huzaa ukinzani wake. Rais wa Zanzibar alibaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri, akapoteza umakamu. Makamu mpya anatoka upande mmoja, lakini hana dhamana aliyopewa na upande huo peke yake. Wazanzibari walioona kwamba kiti chao kimepungua uzito hawakukosa hoja.

Julai 1995 mjini Dodoma, Ndugu Benjamin Mkapa aliteuliwa kuwa mgombea, na Dk. Omar Ali Juma, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, akawa mwenza wake. Dk. Omar alifariki akiwa madarakani Julai 2001, na nafasi yake ikashikwa na Dk. Ali Mohamed Shein. Julai 2015, Dk. John Magufuli alisimama na Ndugu Samia Suluhu Hassan. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye Samia aliapishwa kuwa Rais. Umakamu ukarudi Bara, kwa Dk. Philip Mpango, na baada ya uchaguzi wa 2025, kwa Dk. Emmanuel Nchimbi.

Tupime basi. Mwaka 2021 mwananchi hakurudi kwenye sanduku la kura, kwa kuwa Katiba ilihesabu kwamba alikwisha kuamua alipopiga kura ya 2020. Na Makamu mpya alipendekezwa na Rais, akathibitishwa na Bunge. Kwa hiyo anayeteua mgombea mwenza anateua Rais wa akiba. Mjumbe wa Mkutano Mkuu asiishie kupiga makofi jina linapotajwa. Kabla ya kuuliza linaleta kura ngapi, aulize kwanza: mtu huyu akiapishwa kesho, pande zote mbili zitamwona Rais wao?